Katlesi za samaki zinazolia jinoni

Siku moja nilipakia katlesi thelathini ndani ya hotpoti, nikapanda boti gatini Lamu kwenda Shela kwa futari ya watu. Nilizikaanga mwenyewe, nikazionja na kuridhika nazo: ganda kavu kau, ndani laini. Safari ya Shela si safari, ni dakika chache tu za boti. Lakini nilipofunua hotpoti mbele ya wenyeji, mvuke ulinipiga usoni, na zile katlesi zangu zilikuwa zimelegea kama mandazi yaliyosahauliwa kwenye chai. Mama mwenye nyumba, kwa adabu zake, alisema, "Tamu, mashallah." Nilimwona akiila yake kwa kijiko.

Niliporudi nikamsimulia shangazi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso, kisha akasema neno moja kwa Kiamu chake: "Mai, mwanangu." Yaani maji. Kumbe mvuke ule ulikuwa maji yaliyokosa pa kutokea. Tangu hapo kila hatua ya katlesi naipima kwa swali hilo moja: maji yako wapi, na yatatoka vipi? Kiazi kina maji, samaki ana maji, kitunguu ndicho kibaya zaidi, na hewa ya kisiwani kwetu nayo haiachi kitu kikauke kwa raha. Ukiyashinda hayo, katlesi italia jinoni hata kama ndiyo mara yako ya kwanza kukaanga.

Katlesi ina ndugu wengi duniani. Jina lake ni cutlet la Kiingereza lililovishwa kikoi. Wafaransa wana croquette, kutokana na kitenzi chao croquer, kutafuna kitu kikavu kikatoa sauti. Waholanzi wana kroket, nao huila kwa haradali. Wahispania mara nyingi hawatii kiazi. Hupika rojo zito la siagi, unga na maziwa, wakaliacha lipoe ndipo wakalifinyanga. Wajapani wana korokke ya viazi, yenye ganda la chenga kubwa za mkate, na kwa upande wa ganda hao ndio ninaowaiga. Sisi wengi tunachovya kwenye yai peke yake kisha tunatumbukiza. Yai hilo hutoa kishuka chepesi chenye matundu, kizuri cha kula papo hapo, lakini dakika kumi haziishi kabla hakijalegea. Nami sitaki ganda la dakika kumi.

Vya kuandaa

Kwa katlesi ishirini hivi: viazi kilo 1, samaki nusu kilo, nguru au jodari, kitunguu maji kimoja kikubwa, thomu (kitunguu saumu) punje 4, tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili mbichi 2, dania fungu dogo, bizari nyembamba kijiko kidogo 1, pilipili manga nusu kijiko kidogo, ndimu 1, chumvi. Ganda linataka unga wa ngano kikombe 1, mayai 3 na boflo moja ya juzi, yaani mkate. Mafuta ya kukaangia, lita 1 kwa karai la kawaida. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yaache kwa mapishi mengine. Yana harufu nzuri, lakini huanza kutoa moshi mapema, na hapa moto wetu ni mkubwa.

Kiazi

Hapa ndipo katlesi nyingi hufia, hata kabla karai halijatoka kabatini.

Kiazi hakilimwi kisiwani. Kinatoka bara, Nyandarua, Molo, Meru, kwa lori mpaka Mokowe, kisha boti, kisha mgongo wa punda. Kwa hiyo gunia linapofunguliwa sokoni, kiazi kimeshachoka safari. Chagua kigumu, kisicho na machipukizi wala kovu bichi. Kilichogeuka kijani kiache palepale. Kinakuwa kichungu na hakifai tumboni. Kinachopatikana sana ni shangi. Ni kiazi kizuri, ila kinaiva upesi, na ukikisahau kinafumuka ndani ya maji. Ukikutana na Dutch Robijn, kile chenye ganda jekundu ambacho viwanda vya krispi hukitafuta, kichukue bila kuuliza mara mbili, kwa kuwa kina wanga mwingi na maji machache. Na ukishanunua viazi usivitie friji. Kwenye baridi wanga wa kiazi hugeuka sukari, na sukari hiyo itakuunguzia rangi kwenye mafuta.

Osha viazi, usimenye, usikate. Kiazi kilichokatwa ni sponji. Vitie kwenye sufuria na maji baridi yanayovifunika tu, chumvi kijiko kidogo, kisha washa moto. Ukianza na maji ya moto, nje kutaiva na kupasuka kabla moyo haujaiva. Maji yakishachemka punguza moto, na baada ya dakika 20 anza kuchoma kwa ncha ya kisu. Kisu kikipita bila kukwama, mwaga maji mara moja. Usiseme ngoja nimalize kukata kitunguu.

Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Rudisha sufuria na viazi vyake juu ya moto mdogo, bila mfuniko, dakika 2, huku ukiitikisa. Utaona mvuke ukipanda na maganda yakianza kukunjamana. Hayo ni maji yanayoaga. Menya vingali vya moto, kiazi kimoja kimoja ndani ya kitambaa, kisha ponda hapohapo kwa mwiko wa mti au kitako cha gilasi. Blenda usiiguse. Visu vyake hupasua chembe za wanga, zikatoa utelezi, nawe ukabaki na gundi ya kubandikia matangazo. Ukishaponda, tandaza kwenye sinia, usirundike, mpaka vipoe kabisa. Bonyeza kwa kiganja. Kikitoka kikavu, uko salama. Kikitoka na unyevu, rudisha kwenye sufuria kavu ukoroge dakika moja mbili juu ya moto mdogo.

Samaki

Nguru ana nyama ya kushikana na mifupa mikubwa inayoonekana. Jodari ni mkavu kwa asili yake, na kwa kazi hii ukavu huo ni sifa. Tafi mwache kwa mchuzi. Miba yake ni midogo, na hutaki mgeni akabwe mezani kwako. Miezi ya kusi, bahari inapochafuka na samaki wakawa haba na ghali, jodari wa mkebe anatosha kabisa. Mkamue kwa kitambaa mpaka asitoe tone.

Wengi huchemsha samaki. Mimi nachoma. Samaki wa kuchemsha anakunywa maji, halafu unapata kazi ya kuyatoa. Mpake chumvi, ndimu na thomu, mweke juu ya makaa au kwenye kikaango kikavu mpaka nyama iachane na mfupa. Kama jana mlikula samaki wa kuchoma na kuna kipande kilichobaki, hicho ndicho bora kuliko vyote, kwa kuwa kina moshi ndani yake. Mchambue kwa vidole, si kwa uma. Kidole kinajua mwiba.

Kuchanganya

Kitunguu kibichi ndicho kinachowaponza watu. Kikikutana na chumvi ndani ya mchanganyiko kinatoa maji polepole, na katlesi zilizokuwa ngumu saa nane mchana zinakuwa uji saa kumi. Kikate kidogodogo sana, kikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka kiwe na rangi na kisisikike tena kikichemka. Tia thomu, tangawizi na pilipili zilizotwangwa, endelea nusu dakika, epua. Bizari nyembamba ikaange kavu mpaka inukie, kisha itwange. Kati ya bizari iliyotwangwa sasa hivi na ile ya kopo lililokaa wazi mwaka mzima, hata jirani atajua ni ipi ulitumia. Dania ioshe mapema, uikung'ute, uitandaze juu ya kitambaa. Ikiingia na maji yake umejirudisha nyuma.

Changanya vyote kwa mkono, taratibu, vikiwa vimepoa. Ndimu kamua robo tu, iliyobaki ni ya mezani. Usivuruge sana mpaka samaki akapotea. Unataka mtu akiuma akutane na kipande. Onja chumvi, maana kila kitu humu kimeshaiva. Mwezi wa Ramadhani mwite mtoto asiyefunga akuonjee, na ujue ataonja mara tatu.

Yai ndani ya mchanganyiko sitii, ingawa najua nyumba nyingi wanatia. Yai hulainisha, na kama kiazi chako ni kikavu hakihitaji wa kukishika. Mchanganyiko ukikataa kushikana, tia chenga za mkate kijiko kimoja, ngoja dakika tano, ndipo uamue kama unahitaji kingine.

Paka viganja mafuta kidogo. Si maji, jamani. Chukua donge la gramu 60 hivi, kubwa kuliko yai la kuku wa kienyeji, liviringe, kisha lifinye liwe bapa refu lenye unene wa sentimita 2. Tazama kingo. Ufa wowote unaouona sasa ndio utakaokuwa mlango wa mafuta baadaye, kwa hiyo upanguse kwa kidole mpaka uzibe.

Zilaze kwenye sinia zipumzike friji dakika 45. Umeme ukikatika, nao hukatika, zifunike kwa kawa mahali penye upepo kwa muda usiozidi nusu saa, kisha endelea. Humo ndani mna samaki. Zisikae nje mchana kutwa.

Ganda

Boflo ya juzi ivunjevunje, uikaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku ukigeuza. Kuianika juani peke yake hakutoshi kwetu. Jua ni kali lakini hewa ina chumvi na unyevu, na jioni chenga zimesharudi ulaini. Ikishakauka, itwange kwenye kinu mapigo machache tu. Usiifanye unga. Chenga za ukubwa wa punje ya mchele na nyingine ndogo zaidi ndizo zinazotoa ganda lenye milima na mabonde, na kila kilima kinalia kivyake. Ukitwanga mpaka ikawa vumbi utapata ganda laini kama shati la pasi.

Panga sahani tatu: unga wenye chumvi kidogo na pilipili manga, mayai yaliyopigwa, chenga. Mkono wa kushoto ushike vikavu, wa kulia ushike yai. Ukichanganya mikono, katlesi ya nne utakuwa unavisha vidole vyako. Katlesi ipite kwenye unga kwanza, uikung'ute ibaki na vumbi tu. Unga huo unafyonza unyevu wa juu na kulipa yai mahali pa kushika. Kisha yai, kila upande, hata pembeni. Kisha chenga, uzikandamize kwa kiganja. Zikimalizika zote, ziache dakika 10 ili yai lishikane na chenga. Ukikimbilia karai, nusu ya ganda itabaki ndani ya mafuta.

Karai

Mafuta yawe na kina cha kufunika katlesi, lakini yasivuke nusu ya karai. Yapashe mpaka nyuzijoto 170 hadi 180. Asiye na kipimo atupie kipande kidogo cha boflo: kikizama na kutulia, bado, kikigeuka rangi ya dhahabu baada ya sekunde 40 hadi 60, tayari, kikiungua mara moja, epua kidogo. Kwenye jiko la makaa ni vigumu zaidi, kwa kuwa makaa hayana kifundo cha kupunguzia. Weka koleo karibu, utoe kaa mbili tatu mafuta yakipanda, uyarudishe yakishuka.

Elewa kinachotokea ndani ya karai na hutahitaji kukariri. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na mafuta yako yako juu sana ya hapo. Katlesi inapoingia, unyevu wa ganda unageuka mvuke na kukimbilia nje. Yale mapovu unayoyaona ni mvuke, si mafuta yanayochemka. Madhali mvuke unasukuma kwenda nje, mafuta hayapati pa kuingilia. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, mvuke hauna nguvu, nayo yanapenya. Ndiyo maana katlesi iliyokaangwa kwa moto mdogo, ambayo watu wanadhani ni ya uangalifu, ndiyo inayokuachia mafuta mpaka kwenye kiwiko.

Kwa hiyo tia nne au tano tu kwa wakati. Ukizijaza, zinayapoza mafuta. Zilaze kwa kijiko cha matundu, zikienda mbali nawe, na usiziguse dakika ya kwanza. Ganda bado ni changa. Zigeuze mara moja. Dakika 2 na nusu hadi 3 zinatosha, kwa kuwa ndani kumeshaiva. Sikiliza pia. Mlio mkubwa wa mwanzo ukipungua ukawa wa mvua ya mwisho mwisho, maji ya ganda yamekwisha.

Kutoa nako kuna adabu yake. Iinue katlesi, uishike juu ya karai, uikung'ute vizuri sekunde chache. Mafuta mengi huingia katika chakula baada ya kutoka, ganda linapopoa na kuyavuta yaliyobaki juu yake. Kisha iweke kwenye chujio la waya au wavu, hewa ipite chini. Karatasi ni sawa kwa dakika moja, lakini ikilala hapo, upande wa chini unapikwa na mvuke wake mwenyewe. Usizipange moja juu ya nyingine. Na katikati ya mafungu, okota chenga zilizobaki karaini, la sivyo fungu la mwisho litakuwa na madoa meusi na uchungu.

Zikiharibika

Zikipasuka, chunguza mambo matatu: ufa ambao hukuuziba, mchanganyiko wenye maji, au mafuta yasiyopata moto. Nje kahawia na ndani baridi, mafuta yalizidi moto. Ganda likivulika kama koti, uliruka unga au hukuliacha litulie. Zikiwa nzuri karaini na legevu mezani, umezifunika. Hilo nalijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Ukitaka kuweka akiba ya Ramadhani, au ya siku za Maulidi mji unapojaa wageni na hupati hata nafasi ya kukaa, zigandishe zikiwa zimeshavishwa chenga lakini hazijakaangwa. Zitandaze kwenye sinia zisigusane, zikishakuwa mawe zitie kwenye mfuko, nazo zitakaa mwezi. Siku ya kula usiziyeyushe, maana zikiyeyuka zinatoka jasho. Zikaange hivyohivyo, mafuta yapungue kidogo, nyuzi 160 hivi, chache zaidi kwa wakati, dakika 5 hadi 6, kisha ivunje moja uone kama moyo umepata moto.

Zilizobaki jana zipashe kwenye oveni au kikaango kikavu, moto mdogo, zikigeuzwa. Maikrowevu inazichemsha kutoka ndani, na huko ni kule kwenye hotpoti tena.

Mezani na safarini

Chatini ya ukwaju ndiyo yake: loweka ukwaju wa ukubwa wa yai kwenye kikombe cha maji ya moto, uuminye, uchuje, utie thomu moja iliyotwangwa, pilipili, chumvi na sukari mpaka ikubane shavu. Wengine wanapenda ya nazi, na sina ugomvi nao. Iweke kwenye bakuli lake pembeni, kila mtu achovye anapouma. Anayeimwagia sinia zima amekufutia kazi ya mchana kutwa.

Shela bado naenda nazo. Hotpoti nimeiachia wali. Katlesi naziacha zipoe nusu saa juu ya wavu, nazipanga safu moja moja ndani ya kikapu cha ukindu kilichotandikwa kitambaa cha pamba, na juu naweka kitambaa kingine chepesi, bila kufunga. Ukindu unapumua, hivyo mvuke unapata njia. Ndani ya boti kipakate kikapu mapajani, ukae upande wa demani, kusikorushiwa maji.